Je, Wajua? Wawili Ambao Sheria Haiwaoni

Jumamosi ni siku ya honi mjini Likasi. Msafara wa magari yaliyofungwa riboni hushuka hadi ofisi ya komine, fanfara nyuma yake, bibi harusi akiinua gauni lisiguse vumbi jekundu. Ofisa wa etasivili huuliza maswali yake, wawili hujibu, saini hutiwa, na tangu dakika hiyo sheria inawajua kuwa jamaa. Leo safu hii inawahusu wale ambao hawasimami kamwe mbele ya meza ile: wanaume wawili, au wanawake wawili, waliokubaliana kula bukari, ugali wetu, pamoja hadi uzee. Sijifichi: naona wao pia wanastahili kufunguliwa kitabu cha ndoa. Lakini kazi ya safu ni mambo ya kushangaza, basi tuanze nayo.

Je, wajua kwamba kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu hata kimoja kinachotaja mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja kuwa kosa? Ukitoka Likasi, ukapita Lubumbashi, ukafika Kasumbalesa, umekwenda kilomita 200 na kidogo tu. Vuka kizuizi, uko Zambia, na papo hapo watu walewale wawili wanaweza kufungwa miaka 15 hadi kifungo cha maisha. Mawe ya shaba ni yaleyale, Walamba wapo pande zote mbili za mpaka, hata matusi ya sokoni yanafanana. Kilichobadilika ni karatasi.

Na karatasi hizo zina ukoo wake. Mwaka 1791, katika joto la mapinduzi, Wafaransa walitunga kanuni ya adhabu ambayo haikuyataja kabisa mapenzi ya namna hiyo. Ubelgiji ikaandika yake mwaka 1867 kwa kufuata nyayo hizo, na kanuni ya Kongo ya tarehe 30 Januari 1940 ikazaliwa katika ukoo huohuo. Waingereza kwa upande wao walikuwa na kanuni ya India ya mwaka 1860, yenye kifungu maarufu cha 377, na mbegu yake wakaisambaza karibu kila walikotua: leo ni kifungu cha 155 Zambia, 154 Tanzania, 162 Kenya. Usidhani Wabelgiji walikuwa wapole. Utawala uliokata watu mikono kwa sababu ya mpira haukuliacha jambo hili nje ya sheria kwa huruma. Ni urithi tu, kama mtu anavyorithi pua ya babu yake.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Novemba 2019, mahakama ya Zambia iliwahukumu wanaume wawili miaka 15 jela kwa uhusiano wao wa hiari. Balozi wa Marekani, Daniel Foote, aliikosoa hukumu hiyo hadharani, serikali ya Lusaka ikakasirika, na mwezi uliofuata Washington ikamwita nyumbani. Mei 2020 Rais Edgar Lungu aliwasamehe wale wawili. Laiti wangekuwa wamepanga chumba Likasi badala ya kule, kusingekuwa na kesi ya kuwasamehe.

Nimeandika hivyo, kisha nikasita, kwa sababu jambo la pili linanipinga.

Je, wajua kwamba ukimya wa sheria una mlango wa nyuma? Kifungu cha 176 cha kanuni hiyohiyo ya Kongo kinaadhibu kuvunja adabu hadharani, kifungo cha siku 8 hadi miaka 3. Neno "adabu" hunyooshwa kama mpira wa manati, na neno "hadharani" hunyooshwa zaidi. Mtu anayeitwa "pede", yaani shoga, mtaani anajua kwamba askari mwenye njaa hahitaji kifungu kamili. Anahitaji tu hofu ya mtu huyo kwamba majirani watasikia. Halipi faini, analipia kunyamaziwa. Na kwa kuwa hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna cha kukatia rufaa.

Pengo hilo limejaribiwa kuzibwa pia, kwa upande usiofaa. Mwaka 2010 mbunge Ejiba Yamapia, ambaye ni mchungaji, alipeleka bungeni Kinshasa mswada wa kuyafanya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai. Mwishoni mwa 2013 mbunge mwingine, Steve Mbikayi, akaja na wake. Miswada yote miwili haikuwa sheria. Lakini jirani zetu waliorithi karatasi hizohizo za Kibelgiji wanaonyesha jinsi ukimya unavyoweza kukatika: Burundi iliandika katazo lake mwaka 2009. Rwanda mwaka huohuo ililijadili jambo hilo, ikaliacha. Mali, ya ukoo wa Kifaransa, ilikata ukimya wake Desemba 2024.

Je, wajua kwamba wanajeshi waliozingirwa Likasi mwaka 1961 walitoka katika nchi ambayo kwao jambo hili lilikuwa jinai, na ambayo baadaye ilikuwa ya kwanza duniani kuikubali ndoa ya jinsia moja kwa kura ya wananchi? Wazee wa mji wanaikumbuka Septemba ile. Mji ulikuwa bado Jadotville, kwa jina la Jean Jadot wa kampuni ya migodi ya Union Minière, na kikosi cha Waayalandi zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa, chini ya kamanda Pat Quinlan, kilipigana na majeshi ya Katanga kuanzia tarehe 13 hadi 17 mpaka risasi na maji vikaisha. Hakufa hata mmoja wao. Vijana wale walitoka katika nchi ya Kikatoliki kuliko Vatikani yenyewe, kama nitaruhusiwa utani. Nchi yao haikuwa na talaka, na ilikuwa bado inatumia sheria ya Mwingereza ya mwaka 1861 dhidi ya wanaume wanaopendana, ndugu wa damu wa kifungu cha 155 cha Zambia.

Kisha David Norris, mhadhiri wa fasihi mjini Dublin, akaishitaki nchi yake katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, akashinda mwaka 1988. Katazo likafutwa 1993. Talaka ikapitishwa kwa kura mwaka 1995, kwa tundu la sindano. Tarehe 22 Mei 2015 wananchi wakaulizwa kuhusu ndoa ya jinsia moja, na asilimia 62 wakasema ndiyo. Askari aliyekuwa na miaka 19 katika mahandaki ya Jadotville alikuwa na miaka 73 siku ile ya kura, na huenda alikwenda kituoni akiwa na mjukuu. Umri wa mtu mmoja ulitosha.

Je, wajua kwamba Desemba 2005 Kongo na Afrika Kusini zilielekea njia mbili zilizopishana, katika mwezi uleule? Tarehe 1 Mahakama ya Katiba mjini Johannesburg, kwa kalamu ya Jaji Albie Sachs, iliamua kwamba kuwanyima wapenzi wa jinsia moja ndoa ni kuvunja katiba. Sheria ikafuata tarehe 30 Novemba 2006, ya kwanza barani na ya tano duniani. Tarehe 18 mwezi huohuo wa Desemba Wakongomani walipanga foleni kupiga kura ya maoni juu ya katiba yao, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 40 kinampa kila mtu haki ya kufunga ndoa na mtu amtakaye, kisha kinaongeza: wa jinsia tofauti. Kichekesho ni kwamba katiba hiyo ilizaliwa kutokana na mazungumzo ya amani yaliyofanyika Sun City na Pretoria. Wajumbe wetu walilala katika hoteli za nchi ambayo katiba yake, tangu 1996, ilikuwa ikikataza ubaguzi kwa sababu ya mtu anayempenda.

Hapo ndipo tunafika penye uzito. Watu wengi wakisikia "haki sawa" huwaza keki ya harusi na busu mbele ya kamera. Mimi huwaza lupango, kiwanja chenye nyumba.

Je, wajua kwamba mpenzi aliyeishi na mwenzake miaka 25 akifiwa Likasi, hata Serikali inatangulia mbele yake katika foleni ya urithi? Tuwaze wanaume wawili, kwa mfano tu. Mmoja ni mchomeleaji huko Panda, mwingine ana kibanda cha nguo sokoni Kikula. Walinunua lupango kwa pesa za wote wawili, wakajenga chumba baada ya chumba, kama watu wote wanavyojenga: bati mwaka huu, saruji mwaka ujao. Kwa urahisi hati ikaandikwa jina la mchomeleaji. Majirani wanawaita "ba-kuzini", mabinamu, na wenyewe hawakanushi.

Mchomeleaji akifa bila wosia, Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inashika kalamu. Kundi la kwanza la warithi ni watoto wa marehemu, pamoja na wale wa nje ya ndoa aliowatambua na wale aliowachukua kisheria. Hao hupata robo tatu. Kundi la pili ni mwenzi wa ndoa, wazazi, na ndugu wa tumbo. La tatu ni wajomba, mashangazi, baba wadogo na mama wadogo. Wakikosekana wote hao, mahakama hutafuta jamaa yeyote mwingine wa damu au wa ukwe. Akikosekana naye, mali inakwenda kwa Serikali. Umeliona jina la muuza nguo? Hayumo popote. Shangazi ambaye hakukanyaga Likasi tangu reli ilipokuwa ya kuaminika ana haki kuliko mtu aliyemwosha marehemu miguu.

Mjane wa kawaida, mke halali wa mwanaume, sheria inampa hata haki ya kuendelea kukaa katika nyumba walimoishi. Kila msomaji wa Katanga anajua jinsi haki hiyo inavyopata shida mlangoni: ndugu wa marehemu wanakuja na kufuli kabla matanga hayajaondolewa. Lakini mjane yule anayo karatasi ya kupeleka mahakamani, na wapo walioshinda. Muuza nguo wetu hana hata ya kuonyesha. Hawezi kusema mimi ni nani. Hospitalini ataulizwa undugu wake na mgonjwa kabla ya kuambiwa lolote. Msibani atakaa nyuma, kwenye viti vya marafiki. Kaburi litachaguliwa na wengine.

Je, wajua, hata hivyo, kwamba kuna matundu mawili matatu ambayo sheria yenyewe imeyaacha wazi? La kwanza ni wosia. Kanuni ya Familia inakubali wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, ukawekwa tarehe na saini. Hauhitaji mhuri wala ofisi. Mwenye watoto hawezi kuigusa robo tatu yao, lakini robo inayobaki si kitu cha kudharau. La pili ni hati. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema udongo wote ni wa Taifa na sisi tunapewa haki ya kuutumia, haikatazi watu wawili kuandikwa pamoja kwenye cheti kimoja. Mwandikishaji wa hati haulizi kama mnapendana au mnachukiana. Laiti mchomeleaji na muuza nguo wangejua hilo siku ya saruji ya kwanza. Haya ni mabati ya kuzibia nyumba inayovuja, bado si paa, lakini mvua ya Januari haimngoji mtu apate paa.

Kuhusu watoto nitasema kidogo, kwa sababu mlango umefungwa kabisa. Marekebisho ya Kanuni ya Familia yaliyotiwa saini tarehe 15 Julai 2016 yaliwataja mashoga kwa jina katika orodha ya wasioruhusiwa kumchukua mtoto kisheria, na wakawekwa mstari mmoja na wabakaji wa watoto. Ajabu yake ni kwamba wanawake na wanaume wengi wa aina hii tayari ni wazazi: walioa au kuolewa kwanza, kama familia zilivyotaka, wakazaa. Watoto hao wapo, wanakwenda shule, wanapikiwa na watu wawili. Sheria inaona mzazi mmoja tu. Siku mzazi huyo akiugua, yule wa pili hana sauti hata ya kutia saini karatasi ya shule.

Je, wajua kwamba familia ya "asili" ya Likasi, yaani baba, mama na watoto katika nyumba ya tofali yenye kibustani, kwa sehemu kubwa ilichorwa na kampuni? Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, mwanzoni iliajiri wanaume watupu kwa mikataba mifupi. Walikufa wengi, walitoroka wengi. Kuanzia 1928 ikageuza siasa yake: mfanyakazi alete mke, azae kambini, watoto wasome shule ya kampuni na kesho waingie mgodini. Posho ikapimwa kwa kila kichwa, sehemu ya mume, ya mke na ya watoto. Mke wa pili hakuwa na kibaba. Kisha dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ikaacha kutambua ndoa mpya za wake wengi kuanzia mwaka uliofuata. Mababu wa watu hawa, Waluba, Wasanga, Wabemba, walikuwa na namna nyingi za kuitwa familia. Karani wa posho alikuwa na namna moja.

Wala hadithi haikuishia kwa Mbelgiji. Kanuni ya 1987, ya Wakongomani wenyewe, ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kutia saini mkataba wowote wa kumfunga. Mama muuza mahindi mwenye akili kuliko mumewe alihitaji kibali chake kwenda mahakamani. Mwaka 2016 sharti hilo likafutwa, ingawa mume bado ameandikwa kuwa kichwa cha nyumba. Katika miaka 90 hivi, basi, ndoa ya Likasi imebadilishwa na kampuni, na Mbelgiji, na Mobutu, na Bunge. Kila mara palikuwa na mtu aliyesema kwamba imekuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia.

Je, wajua kwamba mahakama ya Mombasa iliwahi kumpa mwanamke urithi kama mke wa mwanamke? Ilikuwa mwaka 2011. Miongoni mwa Wanandi wa Kenya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kulipa mahari, kuoa mwanamke mwenziwe, na watoto wa yule mke wakawa wake na wa nyumba yake. Mwoaji alipofariki, jamaa wengine walidai mali. Jaji Jackton Ojwang alisikiliza ushahidi wa mila, akaamua kwamba ndoa ile ilikuwa ndoa, mke ni mke, watoto ni warithi. Wakikuyu na Wakamba wana desturi inayofanana, na Wakurya wa Mara wanaiita nyumba ntobhu. Tusidanganyane: desturi hizo hazihusu mahaba ya kitandani, zinahusu jina, ng'ombe na ardhi. Lakini mimi navutiwa na jambo hilohilo. Mahakama haikuuliza nani analala na nani. Iliuliza nani alimlea nani, nani alilipa nini, nani alizika. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 45, inazungumzia ndoa ya jinsia tofauti, karibu sawa na cha 40 chetu, na bado nyumba ile ya wanawake wawili ilisimama mbele ya jaji ikaonekana.

Kwa wapenda maneno: "shoga" katika Kiswahili cha pwani ni mwanamke rafiki wa mwanamke, msiri wake, wa kusukana nywele na kuambiana siri za jikoni. Wanawake wa Zanzibar na Mombasa bado wanaitana hivyo. Katanga neno hilo halikufika na utamu wake. Sisi tulipata "pede", kipande cha Kifaransa kilichokatwa kwa wembe.

Na kwa wanaosema hawajawahi kusikia jambo hili kwa mababu: mtafiti wa Kimarekani Alan Merriam, aliyekwenda kwa Wasongye kusikiliza muziki wao karibu na uhuru, aliandika pia kuhusu mwanaume aitwaye kitesha, asiyefuata kazi wala mwenendo wa wanaume, ambaye kijiji kilimjua, kilimcheka, kilikuwa na jina lake, na kiliendelea kuishi naye. Wasongye wengi walipanda treni kuja kutafuta kazi Katanga. Sidhani bitesha wote walibaki nyuma stesheni.

Je, wajua kwamba Mkongomani anayeishi Ubelgiji anaweza kuoa mtu wa jinsia yake, ingawa sheria ya kwao inakataa? Ubelgiji iliruhusu ndoa hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2003, ya pili duniani baada ya Uholanzi. Mwanzoni mgeni alizuiwa iwapo nchi yake haikuruhusu. Waraka wa serikali wa Januari 2004, kisha sheria ya Julai mwaka huo, vikasema: ikiwa mmoja wa wawili hao ni Mbelgiji au anaishi huko kwa kudumu, katazo la nchi ya mgeni halihesabiki. Kwa hiyo kijana wa Shituru anayeishi Liège ni mume wa mtu mbele ya meya wa Liège. Akishuka kwenye ndege uwanja wa Luano, Lubumbashi, kumzika mama yake, ni kapera. Namibia, ambako Mahakama ya Juu ilikutana na jambo hilo Mei 2023, iliamua tofauti: ndoa iliyofungwa kihalali nje itambuliwe katika mambo ya uhamiaji, familia isitenganishwe uwanja wa ndege.

Kanisa? Huwezi kuandika kuhusu Likasi ukaliruka. Siku chache kabla ya kutua Kinshasa mwishoni mwa Januari 2023, Papa Francis aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuwa shoga si jinai, na kwamba sheria zinazowafunga watu kwa hilo si za haki. Alilirudia ndani ya ndege akitoka Juba, safari hii akiwa na askofu mkuu wa Canterbury upande mmoja na kiongozi wa Wapresbiteri wa Scotland upande wa pili. Desemba mwaka huo Vatikani ikaruhusu baraka fupi kwa wapenzi wa namna hiyo, na hapo maaskofu wa Afrika wakagoma. Barua yao ya tarehe 11 Januari 2024 ilitiwa saini na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa. Waliosoma kichwa cha habari tu walikosa sentensi iliyomo ndani, inayosema watu hao waheshimiwe na utu wao ulindwe. Heshima na baraka ni vitu viwili. Haki ya lupango ni cha tatu, na hicho hakiombwi kwa askofu. Kinaombwa kwa Bunge.

Jambo linalofuata sikutaka kuliandika, maana linawahusu watu walio hai.

Je, wajua, au unakumbuka, stesheni ya Likasi mwaka 1992? Kuanzia Agosti maelfu ya Wakasai, wengi wao wazaliwa wa hapahapa, watoto wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala stesheni na mashuleni wakingoja treni, wiki baada ya wiki, na watoto wakafia humo. Gavana wa wakati huo alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na neno la mtaani lilikuwa "bilulu", wadudu. Sisemi kwamba mambo haya mawili yanalingana. Hakuna treni inayongoja mapede. Nasema tu kwamba Likasi inajua, kuliko miji mingi, jinsi jirani anavyopewa jina la mdudu Jumatatu na kukosa nyumba Ijumaa, na jinsi cheti cha lupango kisivyosaidia mtu ambaye mtaa umeamua si mwenzao. Baadhi ya waliofukuzwa walirudi. Wanauza sokoni leo. Wapwa zao wanaolewa Jumamosi, kwa honi.

Watetezi nao wapo. Huko Bukavu, mashariki, kuna shirika linalotetea watu hawa lenye jina la nusu Kiingereza nusu Kiswahili: Rainbow Sunrise Mapambazuko. Nchini Kenya Mahakama ya Juu iliamua tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu kwa wawili, kwamba mashoga hawawezi kunyimwa haki ya kusajili shirika lao, hata kama vifungu vya jinai bado vipo. Na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, chombo chetu wenyewe, ilipitisha mjini Luanda mwaka 2014 azimio namba 275 linalozitaka serikali zizuie ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya wanayempenda.

La mwisho ni la wapenda katiba. Kifungu cha 220 cha katiba ya Kongo kinataja mambo yasiyoguswa hata kwa marekebisho: mfumo wa jamhuri, kura ya wote, idadi na muda wa mihula ya rais, uhuru wa mahakama, vyama vingi. Kinakataza pia kupunguza haki za mtu. Kifungu cha 40 hakimo katika orodha hiyo, na kuongeza haki si kupunguza. Kifungu cha 218 kinawataja wanaoweza kuanzisha marekebisho: rais, serikali, nusu ya wajumbe wa mojawapo ya mabaraza mawili ya Bunge, au wananchi 100,000 wenye ombi lililotiwa saini. Kinachobishaniwa katika kifungu cha 40 ni maneno matatu ya Kifaransa yaliyobanwa kati ya mikato miwili. Yaondoe, na sentensi iliyobaki haihitaji kurekebishwa hata herufi moja.